Kutoka Kitale Hadi Lahaul kwa Ajili ya Sufu ya Diwani

Nilikwenda India kwa sababu watoto wa darasa la pili walikuwa wanajikuna. Nalisema hili mwanzoni kabisa, maana watu wengi hapa Kitale bado wanadhani nilipelekwa kwa sababu ya akili nyingi.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa naishi kwa Senge Nafula, juu ya Saboti, pale miteremko ya Mlima Elgon inapoanza kuwa na baridi ya kweli. Senge ni dada ya baba yangu. Ndivyo sisi wa Bungoma tunavyomwita shangazi. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama waliofuga kondoo, nami nilikuwa fundi wao wa sweta. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na sikuwa nimefundishwa na mtu yeyote. Nilijifunza kufuma kutoka kitabu kimoja cha Kiingereza nilichokikuta sokoni Kitale, kwa mama muuza njugu. Alikuwa amekwisha kurarua kurasa za mwanzo ili afungie njugu zake, kwa hiyo kitabu changu kilianza ukurasa wa thelathini na moja. Kuanzia hapo hadi mwisho nilikijua kwa moyo.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifuma mistari arobaini, nikaona kosa katika mstari wa tatu, nafumua yote. Senge alizoea kuniambia, "Wewe Wekesa, kama ungekuwa ndiwe uliyeumba ulimwengu, mpaka leo tungekuwa tuko Jumatatu."

Mwaka huo shule moja ya msingi iliyo karibu nasi ilikubali watoto wavae sweta zetu, zilizofumwa kwa sufu ya kondoo wetu wenyewe. Mistari ilinyooka, shingo zilikaa vizuri, mimi nililala usingizi mtamu. Wiki ya pili watoto wakazipa jina: upupu. Walijikuna shingo, wakajikuna mikono, wengine wakazificha vichakani kabla ya kuingia darasani. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mpole. Alituambia hivi: shule ikifunguliwa Januari, tumletee sweta moja ambayo mtoto ataivaa kuanzia gwaride la asubuhi mpaka chakula cha mchana bila kujikuna. Ikishindikana, atarudi kwenye sweta za nailoni za dukani.

Akina mama wakanigeukia mimi, fundi. Kosa ni nini?

Hapa ndipo penye aibu yangu. Sikujua. Badala ya kusema sijui, nikasema, "Ni kondoo." Nikaona haitoshi, nikaongeza, "Hasa yule dume."

Dume lenyewe lilikuwa la Senge na liliitwa Diwani, kwa sababu lilikuwa na tumbo kubwa na liliingia katika shamba la kila mtu bila kualikwa. Senge alilipenda. Lakini alikuwa mwenyekiti, na mwenyekiti hawezi kufuga dume linaloharibu sufu ya wenzake. Jumamosi hiyo Diwani akachinjwa. Tulimla sote. Mimi niliwekewa vipande vitatu, nikavimaliza kwa adabu, na kila kipande kilishuka kama kimebeba mfuko wa mawe.

Miezi michache baadaye ikaja barua. Katika maonyesho ya wakulima pale Mabanga, mgeni mmoja kutoka India alikuwa amependa ufumaji wangu, na sasa shirika lao la mafundi wa kazi za mikono lilikuwa tayari kunialika kwa muda wa mwezi mmoja. Nauli ilikuwa juu yao. Niliombwa jambo moja tu: nichague mahali. Mahali pa kwanza palikuwa Bombay, katika kiwanda kikubwa cha sufu, mafunzo ya wiki tatu, na mwisho wake cheti chenye mhuri kwa asiyekosa hata siku moja. Mahali pa pili palikuwa bonde moja katika milima ya Himalaya, liitwalo Lahaul, ambako wanawake husafisha, husokota na kufuma sufu ya kondoo wao kwa mikono. Huko hakukuwa na mafunzo wala cheti. Ningekaa tu na familia.

Nilichora mstari katikati ya ukurasa wa daftari. Upande mmoja Bombay, upande mwingine Lahaul. Upande wa Bombay niliandika "cheti" mara tatu bila kujua. Mtu aliyejifunza peke yake anaielewa njaa hiyo. Kila mara mtu akikuuliza "Ulisomea wapi?" unageuza maneno, unazungumzia mvua. Kabla hata sijajibu barua, nilipima ukuta wa chumba changu kwa rula, nikapata katikati yake kamili, nikapigilia msumari wa kukitundikia.

Senge aliniona. "Huko Bombay kuna kondoo?"

"Kuna mashine, Senge."

"Mimi nimeuliza kondoo."

Nikajibu barua: Bombay.

Mwezi wa Septemba nilishuka kwanza Bumula kuwaaga wazazi. Mama alinifungia kuku na mahindi ya kukaanga kana kwamba India hakuna chakula. Baba alinisindikiza hadi stesheni ya Bungoma, amebeba sanduku langu. Treni ya Nairobi ilipoanza kuonekana kwa mbali, akafungua kinywa.

"Ati mwanaume mzima anapanda ndege kwenda kujifunza sweta. Kanisani nitasema nini?"

"Sema ninakwenda kusomea mashine, Baba."

Alifikiri. "Mashine. Hiyo ni sawa bana. Hiyo nitasema." Akanipa mkono, halafu akasahau kuuachia mpaka treni ikaanza kutembea.

Nairobi sikulala, ndegeni sikula. Nilijifunga mkanda hata wakati wengine walikuwa wanazunguka na vikombe vya chai.

Bombay ilinipokea kwa joto la namna ya jikoni siku ya harusi. Bwana Sawant, mkufunzi wa kiwandani ambaye ningekaa nyumbani kwake, alinisubiri uwanjani akiwa ameshika karatasi yenye jina langu. Alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi wa sufu kwenye mguu mmoja. Tulizungumza Kiingereza, chake na changu, tukakutana katikati.

Alikaa ghorofa ya tatu, vyumba viwili, yeye na mkewe na watoto wao wanne, na sasa mimi. Nilidhani nitakosa hewa. Badala yake nilipata furaha ambayo sikuitarajia. Asubuhi muuza mboga alipaza sauti huko chini barabarani, na mama Sawant akateremsha kikapu kwa kamba kutoka dirishani. Wakapatana bei kwa kelele, kikapu kikapanda kimejaa bamia na nyanya. Majirani wa madirisha yote walishiriki katika mapatano hayo, hata wasionunua. Siku ya pili mama Sawant aliniachia kamba mimi. Nilipandisha kikapu polepole sana, nikiogopa kudondosha nyanya, na dirishani kwa jirani wakanipigia makofi.

Nilizunguka na Bwana Sawant katika mitaa ambayo watu walikuwa wengi kuliko sokoni Kitale siku ya Krismasi, na hiyo ilikuwa Jumanne tu. Kila mahali masikio yangu yalishika neno la nyumbani: chai, chapati, kitabu, rangi, sabuni. Nilijisikia kama mtu aliyekwenda matangani ugenini akakuta nusu ya waombolezaji ni jamaa zake.

Siku ya kwanza kiwandani nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia. Mashine zilijipanga mpaka mwisho wa macho, zinachana, zinavuta, zinasokota, na hakuna uzi hata mmoja uliokuwa mnene kuliko mwenzake. Kwa mtu kama mimi huko ni mbinguni. Tulikuwa wanafunzi kumi, na kila mmoja alitia sahihi katika daftari la mahudhurio. Niliitia yangu kwa uangalifu, nikaiona tayari kwenye cheti.

Siku ya tatu, wakati wa chai, nilimwonyesha Bwana Sawant sweta niliyotoka nayo Saboti. Aliivuta, akaigeuza, akaipeleka kwenye mwanga.

"Ufumaji huu ni mzuri. Mistari imenyooka kuliko rula yangu."

Nilitamani Baba angekuwepo. Kisha Bwana Sawant akaiweka kwenye mkono wake, akangoja, akaanza kujikuna.

"Inawasha," akasema.

"Ni kondoo wetu," nikajibu haraka.

"Sufu hii ni ya sehemu gani ya kondoo?"

Sikuelewa swali. "Ya kondoo mzima."

"Na mliioshaje?"

Hapo nikapata nguvu, kwa sababu kuosha ndiko nilikojivunia zaidi. Nilimweleza jinsi nilivyoichemsha sufu ndani ya pipa, kwa magadi na sabuni ya kipande, nikaisugua juu ya jiwe, nikaichemsha tena, mpaka ikawa nyeupe kama pamba ya hospitali. Sikuvumilia doa hata moja.

Bwana Sawant alivua miwani. "Rafiki, mimi ni mtu wa mashine. Sufu hutufikia hapa ndani ya marobota kutoka ng'ambo, imekwisha oshwa, imekwisha chambuliwa. Tangu nizaliwe sijawahi kumgusa kondoo." Akanirudishia sweta. "Lakini kosa lako halipo kwenye ufumaji. Lipo mwanzo, kabla ya kufika kwenye mashine yangu. Hapa hatufundishi mwanzo."

Nikakumbuka kurasa thelathini zilizofungiwa njugu.

"Kule Lahaul wanaujua?" nikauliza.

"Kule hawajui kitu kingine." Alivaa miwani. "Lakini njia ya huko inapita juu ya mlima, na theluji ikianguka inafungwa. Kama unakwenda, nenda wiki hii. Na ukiondoka, daftari la mahudhurio linakufuta. Swali ni kama unataka cheti au unataka sweta."

"Nataka vyote."

"Treni ni moja."

Siku mbili zilizofuata niliwachosha watu wa nyumba ile. Asubuhi nilichagua cheti, mchana bonde, saa kumi cheti tena. Nilichora upya mstari katikati ya ukurasa. Mama Sawant, aliyekuwa akivuta kikapu chake, alimwambia mumewe jambo, na watoto wakaangua kicheko.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema hata yeye alipoletewa posa yangu hakufikiri muda mrefu hivyo, na mimi sirudishwi dukani."

Mwishowe niliketi nimwandikie Senge, nimweleze kwamba kwa ajili ya cheti ni lazima nibaki. Barua ilikwenda vizuri mpaka nilipofika mahali pa kumuuliza habari za kondoo. Nikaandika jina la Diwani, kalamu ikakataa. Kama kosa lilikuwa katika kuosha, basi Diwani alikufa bure, na aliyemuua ni mimi. Nilichana karatasi ile, nikaandika nyingine, nikaichana. Ya tatu sikuianza. Nilikwenda kumwambia Bwana Sawant anikatie tikiti ya treni, na njiani nilijikwaa mara mbili, kwa sababu nilikuwa natembea haraka nisije nikabadilisha nia.

Kutoka Bombay hadi Delhi ni usiku na mchana wa treni. Kutoka Delhi ni basi, mpaka mji wa Manali wenye miti ya tufaha. Kutoka Manali ni basi jingine dogo, na kuhusu hilo sitasema mengi, ila niliketi upande wa bondeni na nikasoma Zaburi zote ninazozijua, nikaanza upya. Juu kabisa, mahali ambapo mawingu yalikuwa chini yetu, dereva alisimama anywe chai. Kichwa kiliniuma kana kwamba kimefungwa kamba. Upande wa pili hapakuwa na msitu wala majani: mawe ya rangi ya kahawia, theluji kwenye vilele, na chini kabisa, kando ya mto, mashamba madogo ya kijani yaliyopangwa vizuri hata nikatamani kumpongeza aliyeyapanga.

Jioni nilishuka kijijini. Aliyenipokea ni Tashi, mwalimu wa shule, kijana wa rika langu aliyejua Kiingereza, na shangazi yake, Mama Dolma, ambaye ndiye angekuwa mwenyeji wangu na mwalimu wangu. Mama Dolma alikuwa na mashavu mekundu na vidole vyenye nguvu. Alinishika mkono wa sweta kabla hajanishika mkono wangu mwenyewe, akaukwaruza kwa ukucha, akasema "Hm." Hiyo haikuhitaji mkalimani.

Nyumba zao zina mapaa bapa, na juu ya mapaa walikuwa wamerundika nyasi za ng'ombe kwa ajili ya baridi. Lakini kilichonishangaza kilikuwa mashambani: walikuwa wanachimba viazi! Viazi kama vyetu vya Elgon, kwa majembe, wanawake wameinama, wanataniana. Nilimwambia Tashi kwamba hata sisi tuna mlima mkubwa, na nikamtajia kimo chake kwa majivuno, maana niliwahi kukisoma.

Aliuliza tena ahakikishe. Kisha akasema kwa upole, "Hapa mlima wa kimo hicho huwa hatuupi jina."

Usiku wa kwanza nilifanya kosa ambalo ni mtu wa kwetu tu angelifanya. Mama Dolma alinipa chai yao, yenye chumvi na siagi. Ninyi mnajua kwamba Bungoma ukimwachia mwenyeji chai kikombeni umemtukana. Nikafumba macho, nikaimaliza. Akajaza. Nikamaliza. Akajaza. Familia nzima ilinitazama kwa heshima inayozidi kukua. Kikombe cha nane nilianza kutokwa jasho.

"Unaipenda sana," Tashi akasema.

"Kwetu mgeni humaliza," nikasema kwa sauti ndogo.

Akapiga goti lake. "Kwetu mgeni aliyeshiba huacha kikombe kimejaa! Kikiwa kitupu, anakuambia mimina!" Alipomtafsiria shangazi yake, Mama Dolma aliweka birika chini akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. Tangu siku hiyo akaniita jina ambalo Tashi aliniambia maana yake ni Birika.

Kichwa kilipoacha kuuma, kazi ikaanza. Kondoo walikuwa wamekatwa manyoya wiki hiyo. Mama Dolma alitandaza blanketi juani, akaweka manyoya ya kondoo mmoja jinsi yalivyokaa mwilini, kama shati lililofunguliwa vifungo. Kisha akaanza kuyatenga kwa mikono: shingo na mabega huku, ubavu huku, tumbo kule, miguu na matako mbali kabisa. Alichukua kidogo cha kila fungu akanisugua nacho chini ya sikio. Fungu la shingo sikulihisi. Fungu la miguu liliniwasha palepale.

"Anasema hilo la mwisho ni la kamba na magunia," Tashi akatafsiri. "Kwenu mnalifanyia nini?"

Kwetu tulilifanyia sweta za watoto. Kikundi chetu kilikuwa na desturi: sufu ya kila mama iliingia katika gunia moja, shingo, tumbo, mkia, ikachanganywa kwa mikono, ili asiwepo wa kusema yangu ni bora kuliko yako. Tuliiita umoja na tuliisifia kila mkutano.

Nikamweleza. Kisha nikamweleza kuhusu pipa. Nilitaja magadi na sabuni, na kwenye sabuni hakuhitaji tafsiri, akainua mkono nisimame. Alimuuliza Tashi kama amesikia sawasawa. Nikaigiza: moto chini, sufu ndani, jiwe, sugua, sugua. Mama Dolma akaketi chini.

"Anasema umeipika," Tashi akasema, akijitahidi asicheke. "Anasema nyama hupikwa. Sufu huogeshwa kama mtoto wa siku tatu. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, unaizamisha, unaitoa. Husugui. Na huondoi mafuta yote ya kondoo, kwa sababu mafuta hayo ndiyo yanayoifanya iwe laini. Anauliza nani aliyekufundisha kuipika."

"Mimi mwenyewe. Nilitaka iwe safi kabisa."

Alitikisa kichwa kwa huruma. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia. "Na watu wako walidhani kosa ni nini?"

Ningeweza kudanganya, Himalaya ni mbali. Lakini nilikuwa nimechoka kulibeba. Nikawasimulia habari za Diwani, tumbo lake, Jumamosi ile, na vipande vitatu.

Safari hii Mama Dolma hakucheka. Alizungusha kijiti chake cha kusokotea uzi. Kisha akasema maneno machache.

"Anauliza," Tashi akasema, "mwenye kondoo anajua?"

"Hajui."

Mama Dolma akanimiminia chai. Nikaiacha kikombeni imejaa.

Wiki mbili nilitenga, nikaogesha, nikachana, nikasokota. Uzi wangu wa kwanza ulikuwa mnene mahali, mwembamba mahali, kama mto wenye mafuriko. Niliufumia soksi, kwa sababu bonde lile ni la soksi. Kisigino kilikaa kombo. Nikashika ncha ya uzi nifumue, na kabla sijavuta mara ya pili Mama Dolma akaninyang'anya, akaivaa mguuni mwake, akatoka kwenda kukamua ng'ombe. Aliivaa siku zote zilizobaki, mguu mmoja soksi yake, mguu mwingine yangu. Nilijaribu kuiomba.

"Anasema mguu wake haujalalamika," Tashi akasema. "Anasema anayelalamika ni wewe."

Soksi ya pili sikuimaliza. Asubuhi moja vilele vilivyokuwa vya kahawia viliamka vyeupe, na Tashi akasema basi la siku hiyo huenda likawa la mwisho. Mama Dolma alinipa kijiti cha kusokotea, akavua soksi yangu palepale barabarani, akanirudishia ikiwa bado na joto.

Bombay nilipita siku moja tu. Wenzangu walikuwa wamepokea vyeti. Mmoja alinionyesha chake, na mhuri ulikuwa mzuri kama nilivyouwaza. Bwana Sawant aliomba aione soksi. Aliinusa, akaisugua chini ya sikio kama nilivyomfundisha. Akasema, "Leo nimemgusa kondoo."

Bungoma, Baba alikuwa stesheni amevaa koti la kanisani.

"Haya. Cheti kiko wapi?"

Nikafungua sanduku nikamwonyesha soksi.

Akaitazama pande zote. "Moja?"

"Moja, Baba."

"Na mguu ule mwingine utavaa nini?"

Akabeba sanduku, tukaondoka. Karibu na soko akaanza kucheka peke yake, nami nikacheka. Ilibaki Saboti, na kumweleza Senge.

Kikundi kilikutana kwa Senge Alhamisi hiyo. Akina mama walikuwa wamepika, wakaimba, wakanikalisha kwenye kiti chenye mto. Senge aliketi chini mbele yangu, juu ya ngozi ya kondoo. Niliitambua rangi yake. Nilikuwa nimeandika hotuba ya kurasa nne, nimeinakili mara tatu. Nikaiacha mfukoni.

"Kondoo hawakuwa na kosa," nikasema. "Kosa ni langu. Niliipika sufu yenu. Na nilipoulizwa nilisema ni Diwani kwa sababu niliona haya kusema sijui. Senge, dume lako lilikuwa zuri."

Mama mmoja aliweka sufuria chini polepole. Senge alinitazama kwa muda ambao Bombay nzima ingeweza kupita kati yetu.

"Wekesa. Nilimlea yule kwa chupa."

"Najua, Senge."

"Na wewe ulikula vipande vitatu. Nilikuhesabia."

"Ndiyo, Senge."

Akapapasa ngozi aliyoikalia. "Basi mimi si wa kuombwa msamaha. Mwombe mwenyewe. Huyu hapa."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania, au alikuwa, sijui mpaka leo. Nilipiga magoti. "Diwani, nisamehe," nikasema, na nikiwa pale chini, mkono wangu ulikwenda wenyewe penye shingo ya ngozi ile. Nikatenga manyoya kwa vidole. Nikakata kidogo kwa mkasi wangu, nikamsugua Senge chini ya sikio.

Alingoja. "Sisikii kitu."

"Ndiyo hivyo. Ni laini kuliko ya Lahaul."

Hapo ndipo alipolia, kidogo tu, kisha akacheka, na mama mmoja nyuma akasema, "Ati Diwani amefufuka, na bado anaingilia mkutano!" Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Kelele zilipotulia, mtu akauliza swali gumu: tukianza kutenga shingo na tumbo, umoja wetu je? Senge alijifuta uso. "Shingo tutachanganya na shingo, tumbo na tumbo. Si bado ni umoja?" Akaninyooshea kidole. "Na yule dume mdogo anayebomoa ua wa jirani mnadhani ni mtoto wa nani?"

Sweta ya Januari tuliifuma kwa sufu ya shingo na mabega ya ngozi ile, tuliyoikata kwa mkasi mpaka Senge akawa anakalia ngozi yenye upara. Niliiogesha kwa maji ya vuguvugu. Haikuwa nyeupe kama pamba, ilikuwa na rangi ya maziwa yaliyokaa, na nilijizuia nisiiguse tena. Kwenye mkono wa kushoto kuna kosa katika mstari wa tisa. Liko mpaka leo.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu mkuu alimvalisha msichana mmoja wa darasa la pili aitwaye Nekesa. Nilisimama kwenye mlingoti wa bendera nikitazama shingo yake asubuhi nzima, kama mtu anayelinda benki. Gwaride, hakujikuna. Hesabu, hakujikuna. Saa nne, wakati wa mapumziko, akaivua, akaifunga kiunoni.

"Inawasha?" mwalimu mkuu akamuuliza.

"Hapana mwalimu. Ni jua."

Akakimbia kuruka kamba. Mwalimu mkuu alinitazama, nami nikatazama ardhi. Kabla kengele ya mchana haijalia, wingu likateremka kutoka Elgon, lile la ghafla tunalolijua, na baridi ikaingia uwanjani. Nekesa aliendelea kuruka kamba kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akafungua sweta kiunoni, akaivaa mwenyewe bila kuambiwa na mtu.

Mwalimu mkuu akaingia ofisini kuandika agizo la sweta zetu nyingine.

Sasa nikiulizwa nilisomea wapi, sizungumzii mvua. Nasema nilianzia ukurasa wa thelathini na moja, kisha nikasafiri mbali kutafuta zile thelathini za kwanza. Na kwenye msumari wangu, katikati kamili ya ukuta, imetundikwa soksi moja yenye kisigino kombo.